Goji kutoka Ningxia: namna ya kuichagua, kuila, na nani aiache

"Dada, ile dawa nyekundu ya Wachina ipo?" Naulizwa hivyo kila mara dukani kwangu Ngamiani, hapa Tanga, na jibu langu ni lile lile: ipo, ila si dawa. Goji ni tunda kavu. Inatafunwa kama zabibu kavu, inatiwa kwenye chai, uji na supu, na ina faida za kweli ambazo nitazieleza. Anayetaka imtibu presha, kisukari, nguvu za kiume na mtoto wa jicho kwa mkupuo mmoja, huyo namwomba aketi kwanza tuzungumze.

Nilisomea ufamasia Yinchuan, makao makuu ya Ningxia, kaskazini-magharibi mwa China, na goji inayosifiwa kuliko zote inatoka huko huko Ningxia. Wenyewe hawaipigii debe kama tunavyoipigia sisi. Ipo jikoni kwenye kopo, karibu na chumvi. Dereva wa teksi anayo kwenye chupa yake ya maji ya moto, mwalimu anayo, bibi anayecheza karata bustanini anayo. Mwaka 2017 picha ya Zhao Mingyi, mpiga ngoma wa bendi ya roki ya Black Panther, akiwa ameshika thermos, ilisambaa China nzima. Watu wakacheka wee: hata mwanamuziki aliyekuwa akitikisa nywele jukwaani naye amefika umri wa kutembea na chupa ya goji! Kwao basi ni kinywaji cha mtu aliyeanza kujiangalia afya, wala hakuna anayehesabu siku za kupona.

Shambani kwanza

Ukijua inavyokaushwa, utajua kwa nini inaoshwa na kwa nini nyingine si za kununua.

Mmea wake ni kichaka chenye miiba na maua ya zambarau. Jina la kitaalamu ni Lycium barbarum, na ukoo wake ni ule wa nyanya, bilinganya, pilipili na mnavu. Wenye ndugu Oman huenda wameshamwona binamu yake bila kujua: awsaj, kile kichaka cha miiba cha jangwani, ni Lycium shawii. Huko Ningxia wilaya yenye sifa ni Zhongning, kandokando ya Mto Manjano. Mvua ni haba, jua la mchana ni kali, usiku baridi, na udongo una chumvichumvi. Maji ya shamba yanavutwa kutoka mtoni kwa mifereji.

Uchumaji huanza Juni na kuendelea hadi Agosti, halafu huja mavuno madogo ya vuli. Kila tunda huchumwa kwa mkono, maana tawi moja hubeba maua, matunda mabichi na yaliyoiva kwa wakati mmoja, kwa hiyo mistari ile ile hurudiwa kila baada ya siku chache. Mama mwenye nyumba niliyopanga alikuwa na jamaa zake Zhongning, na likizo ya kiangazi alinichukua nikasaidie. Wanawake wanakaa kwenye vigoda vifupi, ndoo katikati ya miguu, wanasogea kichaka hadi kichaka wakipiga soga, na macho yao hayaangalii hata kidogo vidole vinafanya nini. Mimi kabla sijagusa kitu nilionywa mambo mawili: usichume umande haujakauka, na usiliminye tunda. Lililoshika maji au lililopondeka hugeuka jeusi likikaushwa, na likishakuwa jeusi hakuna mnunuzi. Ukikumbuka kwamba kilo 1 ya goji kavu inatokana na kilo 4 hadi 5 za mbichi, hutashangaa kwa nini yule mama alikuwa ananikodolea macho kila nikinyoosha mkono.

Ngozi ya tunda ina nta inayozuia maji kutoka. Wakulima wengi hulichovya kwanza kwenye maji yenye kabonati ya sodiamu, jamaa wa karibu wa magadi yetu, ili nta ile ivunjike. Kisha linatandazwa tabaka jembamba kwenye trei, likae juani siku kadhaa au liingizwe kwenye chumba cha hewa ya moto. Mkono haupiti tena juu yake mpaka likauke. Magadi yanayobaki juu ya ngozi ni machache, hayana neno, ila sababu ya kuosha mojawapo ndiyo hiyo. Nyingine ni vumbi la jangwa, ambalo Ningxia linaingia mpaka kwenye mswaki.

Ubaya uko kwenye salfa. Wapo wafanyabiashara wanaofukiza matunda kwa moshi wa salfa ili yang'ae na yasiharibike ghalani. Mwenye pumu anaweza kubanwa kifua kwa mabaki yake. Wengine hupaka rangi matunda ya zamani yaliyochakaa. Hapo ndipo macho yako ya kununulia yanapotakiwa.

Ukiwa dukani

Usivutiwe na wekundu unaowaka. Goji iliyokauka bila hila ina wekundu uliopoa kidogo, na punje hazifanani: moja imekolea, nyingine ina uchungwa. Pakiti ambayo kila punje ni nyekundu sare kama shanga za dukani, niache mimi, hata bure siichukui.

Angalia kwenye ncha, pale lilipokuwa limeshikwa na kikonyo. Tunda la kawaida lina kidoa cheupe au cha manjano hafifu pale. Likipakwa rangi, kidoa nacho kinakuwa chekundu. Kwangu kipimo hiki ndicho cha kwanza, maana unaweza kukifanya pakiti ikiwa bado imefungwa, mradi plastiki ni ya kuonyesha.

Ukiruhusiwa kufungua, nusa. Harufu iwe ya utamu wa tunda kavu, isichome pua. Chukua kiganja kimoja, kamata kwa nguvu, achia. Punje zilizokauka vizuri hutawanyika tena. Zikibaki donge, zina unyevu, na kwa hewa ya pwani hii hazitakaa wiki bila kuleta balaa. Tafuna moja. Utamu unatangulia, kisha mwishoni unakuja uchungu mdogo sana wa mbegu. Ukali wa kukwaruza koo si wa goji.

Nyumbani malizia kwa kutia chache kwenye glasi ya maji baridi. Maji yatachukua rangi ya manjano taratibu. Yakigeuka mekundu upesi, hiyo ni rangi ya kupaka. Mwaga yote, usionee huruma hela.

Kuhusu namba zilizoandikwa kwenye pakiti, watu wengi hudhani ni uzito au nguvu. Wachina hupanga madaraja kwa kuhesabu punje katika gramu 50. Kwa kiwango chao cha taifa, daraja la juu kabisa halizidishi punje 280, linalofuata 370, kisha 580, na la mwisho 900. Pakiti ya 180 basi ina matunda makubwa kuliko ya 280, na bei yake inapanda kwa sababu ya umbo hilo. Ukubwa ni uzuri wa kumkaribishia mgeni. Kwa uji na supu mimi hununua punje ndogo, na pesa inayobaki nanunulia kuku.

Yale ya mara 500

Utasikia goji ina vitamini C mara 500 ya chungwa. Tupige hesabu. Gramu 100 za goji kavu zina miligramu 48 hivi za vitamini C. Gramu 100 za chungwa zina miligramu 53. Yaani chungwa limeshinda, tena chungwa moja unalimaliza umesimama, ilhali gramu 100 za goji kavu ni bakuli zima ambalo hakuna mtu anakula kwa siku. Pera la hapa kwetu lina miligramu zipatazo 228 kwa gramu 100. Shida yako ikiwa ni vitamini C, nenda Mgandini ukanunue mapera, au ubuyu, na chenji irudi mfukoni.

Madini ya chuma yapo, miligramu karibu 6.8 kwa gramu 100, lakini kwa kiganja cha gramu 10 unapata chini ya miligramu 1. Mjamzito mwenye upungufu wa damu anahitaji vidonge alivyopewa kliniki. Tafadhali asibadilishe na goji.

Halafu kuna yule mzee wa Kichina Li Qingyun, ambaye wauzaji husema aliishi miaka 256 kwa sababu ya tunda hili. Alifariki mwaka 1933, hilo ni kweli. Hiyo 256 waachie wenyewe.

Sasa faida yenye miguu ya kusimamia. Goji ina rangi ya asili iitwayo zeaksanthini, na ni miongoni mwa vyakula vyenye rangi hiyo kwa wingi kuliko vyote vinavyojulikana. Nyuma ya jicho, katikati ya retina, kuna eneo dogo sana ambalo ndilo unalotumia kusomea, kushonea na kutambua sura ya mtu. Linaitwa makula. Mwili hupeleka zeaksanthini na ndugu yake luteini mahali pale, zikae kama kivuli kinachopunguza ukali wa mwanga wa buluu. Mwili hauwezi kuzitengeneza, lazima uzile. Umri ukienda, makula ya baadhi ya watu huchakaa na kuona kwa katikati kunafifia.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walichukua watu 27 wenye afya, wa umri wa miaka 45 hadi 65. Waliopewa goji, 13, walikula gramu 28 mara 5 kwa wiki kwa siku 90. Wengine 14 walimeza kirutubisho cha luteini na zeaksanthini. Matokeo yalichapishwa mwishoni mwa 2021: rangi ya kinga kwenye makula iliongezeka kwa waliokula goji, na kwa wale wengine haikuongezeka. Ni utafiti mdogo, watu 27 ni kama abiria wa daladala moja, lakini unaendana na kinachojulikana juu ya kazi ya zeaksanthini, na nauheshimu.

Ila sikiliza vizuri kilichosemwa pale. Ni kinga ya jicho lisilo na ugonjwa, kwa chakula cha kila siku. Mtoto wa jicho hauondoki kwa goji, unaondolewa kwa upasuaji. Presha ya macho inataka matone yake. Anayeona giza, ukungu au mistari iliyopinda aende kwa daktari wa macho wiki hii hii, chai atakunywa akirudi.

Na asiye na uwezo wa goji asijione amepungukiwa. Zeaksanthini ipo kwenye mahindi ya njano, pilipili hoho za rangi ya chungwa na kiini cha yai. Luteini imejaa kwenye mchicha na sukuma wiki. Goji ni njia mojawapo, tena tamu.

Kiasi

Kitabu rasmi cha dawa cha China kinataja gramu 6 hadi 12 kwa siku. Kijiko kimoja cha chakula kina gramu 5 na kitu, kwa hiyo vijiko viwili vinatosha mtu mzima, karibu punje 60 za pakiti ya 280. Waliofanyiwa utafiti wa Davis walikula kama vijiko vitano kwa siku zao za kula. Hakuna haja ya kuanza na kiasi hicho. Tumbo lisilozoea linaweza kulainika, na kisha kuna sukari: karibu nusu ya uzito wa goji kavu ni sukari. Gramu 28 zinabeba gramu 13 hivi.

Osha kwa maji vuguvugu haraka haraka, mara mbili, usiziloweke katika maji ya kuoshea. Kisha zitumie.

Mafuta kidogo ndiyo siri

Watu wengi huzimwagia maji ya moto, wanakunywa yale maji na kutupa matunda. Hapo umekunywa utamu na ukaitupa ile zeaksanthini, kwa sababu haiyeyuki kwenye maji. Inataka mafuta au maziwa. Kule Hong Kong mwaka 2006 watafiti walisaga goji ndani ya maziwa ya moto ya nyuzi 80, wakalinganisha na zilizosagwa kwenye maji ya moto. Waliokunywa ya maziwa walipata zeaksanthini kwenye damu karibu mara tatu zaidi. Kwa hiyo sheria ya jikoni kwangu ni hii: matunda yaliwe, na yaliwe pamoja na kitu chenye mafuta.

Kinachotoka kila asubuhi kwangu ni uji wa ulezi. Loweka vijiko viwili vya goji katika nusu kikombe cha maziwa yaliyotoka kuchemka, funika wakati uji unaiva. Zikishavimba, saga kwenye blenda pamoja na yale maziwa mpaka yawe rangi ya chungwa kama ya papai lililoiva. Epua uji, uache upumue kidogo, ndipo uchanganye. Sukari punguza au acha kabisa. Mbegu ni ndogo, zitabaki kidogo mdomoni, na mwanangu hulalamika juu yake, kwa hiyo yake huchuja. Mtoto mdogo usimpe punje nzima kavu, zinaweza kumkaba.

Chai ya Wahui ni habari nyingine. Wahui ni Waislamu wa Ningxia, na kwa mtoto wa Tanga kufika mji ambao mgahawa wa mtaani umeandikwa halali mlangoni ilikuwa faraja kubwa. Chai yao hutiwa kwenye kibakuli chenye mfuniko na kisahani. Ndani mnakaa majani ya chai, goji, kunazi nyekundu kavu za Kichina, ambazo ni ndugu wakubwa wa kunazi zetu, longani kavu (tunda dogo tamu la huko), zabibu kavu, ufuta, jozi, na bonge la sukari. Unamiminiwa maji ya moto, unafunika, unasubiri, halafu unanywa kwa kusukuma vitu nyuma kwa ukingo wa mfuniko. Ukimaliza unaongezewa maji. Ukisema umetosheka, unaongezewa tena. Mgeni hana sauti pale.

Ya kwangu ya hapa nyumbani ina chai ya rangi nyepesi, vijiko viwili vya goji, tende mbili zilizotolewa kokwa, kipande cha tangawizi kilichopondwa na kijiti cha mdalasini. Maji yawe yamechemka kisha yametulia dakika mbili. Funika dakika 10 hadi 15. Tende inatosha kwa utamu. Matunda yakibaki chini ya kikombe, kula kwa kijiko pamoja na korosho chache. Mafuta ya korosho ndiyo yanayochukua nafasi ya maziwa.

Kwenye supu ya kuku wa kienyeji, goji inaingia mwisho. Chemsha kuku na tangawizi, kitunguu na chumvi mpaka alainike, hata saa moja na nusu akiwa jogoo mgumu. Dakika 10 kabla ya kuepua, tupia kiganja kimoja. Ukizitia mwanzoni zitapasuka, supu itakuwa na ukakasi na mbegu zitaelea juu. Kule Guangdong hupika pia majani ya goji kama mboga ya supu na yai, lakini hayo kwetu hayafiki.

Wali wa nazi ndio ninaoupenda kuliko vyote. Tui likishakauka na unataka kupalia, nyunyiza goji zilizooshwa juu ya wali, funika, weka makaa juu. Usikoroge. Zinavimba kwa mvuke, zinanyonya utamu wa tui, na ukipakua unapata vidoa vyekundu juu ya weupe. Wifi yangu alidhani ni pilipili, akazitoa moja moja pembeni ya sahani.

Na mchicha wa nazi unazipokea vilevile, ila chache sana, maana utamu ukizidi mboga inaonekana kama imekosewa.

Nani asile, au aulize kwanza

Mzee mmoja mstaafu wa bandarini alikuja kutaka goji za mwezi mzima. Mwanawe wa Muscat alikuwa amemsimulia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Nipe nzuri, za macho."

"Nitakupa. Dawa gani unatumia kila siku?"

Akatoa kadi ya kliniki kwenye mfuko wa kanzu. Ya pili kwenye orodha ilikuwa warfarini. Nikairudisha pakiti kwenye rafu, naye akanitazama kama nimemnyang'anya tonge.

Warfarini huzuia damu kuganda, na dozi yake hupimwa kwa kipimo cha INR, ambacho kwa wagonjwa wengi kinatakiwa kiwe kati ya 2 na 3. Mwaka 2001 iliripotiwa habari ya mwanamke wa Kichina wa miaka 61 ambaye dozi yake ilikuwa imetulia. Akaanza kunywa glasi 3 hadi 4 kwa siku za chai nzito ya goji, INR ikapanda mpaka 4.1. Maana yake damu inakuwa nyepesi mno, na mtu anaweza kuvuja damu ndani bila kujikwaa popote. Taarifa za namna hiyo zimejirudia kwa wagonjwa wengine baadaye. Kwa hiyo anayetumia warfarini, jibu langu ni hapana, wala simpi punje za kuonja. Mzee wangu yule aliondoka na ushauri wa kula mayai. Mchicha nao nikamwambia asiuongeze wala kuupunguza ghafla, kwa sababu vitamini K yake huvuta dawa ile ile upande wa pili.

Mwenye kisukari anaweza kula kidogo, akihesabu sukari yake kama tunda lolote kavu. Lakini anayetumia vidonge au insulini azungumze na anayemtibu, kwa kuwa goji inaweza kuishusha zaidi sukari ya kwenye damu. Ajipime mara nyingi zaidi wiki za mwanzo. Anayetumia dawa za presha naye aulize.

Mjamzito namshauri aache, hasa juisi nzito na vidonge. Matunda mengine yapo tele.

Mwenye mzio wa nyanya au pichi awe macho. Hispania waliona wagonjwa wenye mzio wa matunda ambao miili yao iliikataa na goji. Midomo ikiwasha, ngozi ikitoka vipele au pumzi ikibana, acha na uende hospitali.

Juisi, unga na vidonge

Siviuzi kwa hamu. Juisi nyingi zimechanganywa na zabibu au tufaha, na ukisoma nyuma ya chupa goji ni ya tatu au ya nne kwenye orodha. Vidonge vimesheheni ahadi. Tunda zima unaliona, unalinusa, unajua umekula ngapi, na nyuzinyuzi zake zimo. Unga si mbaya ukisaga mwenyewe, lakini goji ina utamu wa kunata. Igandishe kwanza kwenye friza, la sivyo utakwangua blenda mpaka jioni.

Kuhifadhi kwa hewa ya pwani

Sukari ile inavuta unyevu. Ningxia pakiti ilikaa wazi mezani wiki nzima bila shida kwa sababu hewa ni kavu. Hapa Tanga siku mbili tu zinashikana. Zihamishie kwenye chupa ya kioo yenye mfuniko wa kubana, chupa iwe imekauka kabisa, na iingie kwenye friji. Chota kwa kijiko kikavu. Zikianza kuwa nyeusi kidogo ni hewa imezigusa, bado zinalika, wekundu na utamu ndio umepungua. Ukiona ukungu, vumbi jeupe lenye harufu, au wadudu, usichambue. Tupa chupa nzima. Nunua pakiti ndogo, angalia tarehe na jina la aliyeingiza mzigo. Muuzaji anayepima kutoka kwenye gunia lililo wazi barabarani, mpite.

Nyeusi je?

Ipo goji nyeusi, Lycium ruthenicum, inayotoka sana Qinghai, na bei yake huwa juu. Rangi yake ni antosiani, ile jamii ya rangi iliyoko kwenye zambarau na rosela. Inalowekwa kwenye maji vuguvugu, si ya kuchemka, maana moto mkali unaharibu rangi hiyo. Maji yenye magadi kidogo yataipa ubuluu, ukikamulia limao yanageuka mekundu ya waridi mbele ya macho yako, na watoto hupenda sana kuliangalia hilo. Isipobadilika kwa limao, ni rangi ya kupakwa. Lakini zeaksanthini haina ya kutaja. Anayeila kwa ajili ya macho abaki na nyekundu, tena zile punje ndogo za bei nafuu.